Mafuta ya Mahindi

Ngwali alilimiliki lile gari miaka mitatu bila kujua kwamba linaweza kutumia mafuta ya aina mbili. Lilikuwa gari la familia lenye milango ya kuteleza ubavuni, alilolinunua likiwa limeshatumika kwa muuzaji mmoja wa Mesquite. Mwezi wa Machi mwaka 2007, kituo cha mafuta karibu na nyumbani kwake Richardson kiliweka pampu mpya yenye mpini wa njano. Ngwali hakuwahi kuona maandishi akayapita, basi alisimama akayasoma yote: mafuta haya ni E85, sehemu kubwa ni ethanoli itokanayo na mahindi, sehemu ndogo ni petroli, na yasitiwe ila kwenye gari la flex-fuel, yaani linalokubali mafuta yote mawili. Alipofungua tangi lake atie petroli kama siku zote, akaona kibandiko kilichofifia nyuma ya kile kimlango. Neno lilikuwa lile lile: flex-fuel.

Alirudi nyumbani kama mtu aliyegundua kwamba ana ndugu tajiri.

"Mama Nuha," alimwambia mkewe, Hamdiya, "gari letu linatumia mahindi."

Hamdiya alikuwa akivaa viatu vya kazi; alikuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Plano. "Linatumia mahindi au linasaga mahindi?" aliuliza, akatoka.

Tangu siku hiyo Ngwali akawa mtu wa ethanoli. Ilikuwa rahisi kuliko petroli, kweli, lakini si bei iliyomteka. Alizaliwa Wete, Pemba, kwa wakulima, na wazo kwamba gari linaweza kwenda kwa kitu kilichopandwa, kikapaliliwa, kikavunwa, lilimkaa moyoni. Ghalani Mesquite, alikoendesha mashine ya kunyanyulia mizigo, aliwahubiria wenzake kila wakati wa chakula. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Kamau, dereva wa lori, mtu wa Murang'a.

"Hiyo kitu yako inaisha kama mvuke," Kamau alimwambia siku moja. "Mimi nimesoma. Galoni ya petroli na galoni ya hiyo haziendi mbali sawa."

"Tofauti ni kidogo."

"Kidogo? Bwana, hiyo ni ya kwenda sokoni na kurudi. Houston haikufikishi."

"Inanifikisha. Tena bila kuongeza tone la petroli njiani."

"Ukifika, niambie. Nitakuchomea mbuzi mzima hapa kwa parking."

Watu walicheka. Ngwali naye alicheka, lakini alijua Kamau amesema kweli. Alikuwa ameshaona mwenyewe kwamba mshale wa mafuta unashuka upesi kuliko zamani. Tatizo ni kwamba alikuwa ameshasema mengi mbele ya watu.

Mwezi wa Juni mama yake Hamdiya, Bi Mwanakombo, alikuja kutoka Mombasa kuwatembelea. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege, na alikuwa na miaka sitini na minane. Ngwali alimpenda mkwewe huyu, na mkwewe alimpenda. Siku ya kwanza alipompeleka dukani, alimweleza habari ya pampu ya njano.

"Yaani gari lenu linakula sima?" Bi Mwanakombo aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na mchuzi je, mnalitilia?"

Alicheka hadi buibui likamteleza kichwani. Kwa wiki sita alizokaa Richardson, kila walipotoka aliuliza kama gari limeshakula. Kisha akaenda Houston kwa mwanawe wa kiume, Swafwani, aliyefanya kazi kwenye yadi ya vipuri vya magari makuukuu. Huko ndiko angepandia ndege ya kurudi kwao, Jumapili ya mwisho ya Agosti, saa kumi na nusu.

Hamdiya aliomba ruhusa ya siku mbili kazini, akapewa moja. Kwa hiyo wakapanga kuondoka Richardson Jumapili saa tatu asubuhi, wafike uwanja wa ndege wa Houston saa saba, wakae na mama saa mbili nzima kabla hajaingia. Hamdiya aliipanga siku ile kama mtu anayepanga harusi. Alipika mahamri ya kula na mama pale uwanjani. Alimshonea Nuha, binti yao wa miaka saba, gauni la kitambaa alicholetewa na bibi yake.

Ngwali alikuwa amejaza tangi Ijumaa, E85 hadi juu. Jumamosi alikwenda kazini Mesquite akarudi, akapita na sokoni. Jumapili asubuhi mshale ulikuwa umeshuka chini kidogo ya robo tatu. Hapo Richardson wangeweza kuongeza, lakini pampu ya njano ilikuwa imefungwa kwa karatasi: imeharibika.

"Tia ya kawaida," Hamdiya alisema. "Si umesema zinachanganyika?"

"Zinachanganyika. Lakini inatosha hii."

"Baba Nuha, leo si siku ya majaribio."

"Wewe wasiwasi umekuzidi. Kule Houston kuna pampu ya ethanoli, nimeiangalia kwenye kompyuta. Tunafika, tunajaza, tunarudi."

Hamdiya alimtazama, akafunga mkanda. Alikuwa mwanamke asiyerudia neno mara ya tatu, na hilo lilikuwa la pili.

Walishika barabara ya 45 kuelekea kusini. Joto lilikuwa limeanza kupanda, kiyoyozi kikawa kinafanya kazi kwa nguvu zote. Walipita Corsicana, wakapita Fairfield. Kila penye njia ya kutokea palikuwa na vituo vya mafuta, na kila kituo Hamdiya alikitazama mpaka kikabaki nyuma. Ngwali alikuwa akiendesha akiwa na Kamau kichwani. Alishaanza kuyapanga maneno atakayomwambia Jumatatu.

Walipopita Madisonville, taa ya mafuta iliwaka.

"Hiyo taa," Hamdiya alisema.

"Taa ikiwaka nina maili hamsini. Nalijua gari langu."

Na kweli alilijua, lakini alilijua kwa petroli. Katika miaka mitatu taa ile ilikuwa imewaka mara nyingi, na mara zote ilimpa maili hamsini. Tangu aanze kutumia ethanoli hakuwahi kuliacha gari lifike huko. Hakufikiri kwamba mafuta yaliyobaki chini ya tangi nayo yalikuwa mahindi, na kwamba mahindi hayaendi mbali hivyo. Kitu kile kile alichokuwa akibishana nacho miezi mitano hakikumjia akilini saa ile alipokihitaji.

Huntsville walipita vituo vinne. Cha mwisho kilikuwa karibu na barabara kiasi kwamba Nuha alisoma kwa sauti bei ya petroli kwenye bango. Ngwali aliweka mguu kwenye breki kidogo. Hamdiya aliuona ule mguu. Kisha Ngwali akauondoa, akapita.

Maili kumi na kitu mbele, kwenye misonobari kabla ya New Waverly, gari lilijikunja kama mtu aliyechomwa na mwiba, likashtuka mara mbili, injini ikanyamaza. Ngwali aliliacha liteleze hadi kando ya barabara. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini.

Malori yalipita na kulitikisa gari. Kisha Hamdiya alichukua simu yake, akampigia kaka yake, na Swafwani akampa mama simu.

"Mko wapi, mwanangu?"

"Karibu, mama. Gari imezima kidogo."

"Basi msifanye haraka. Mimi nipo, nimekaa na Swafwani hapa, tunatazama watu."

Ngwali alishuka akaanza kutembea. Alitembea dakika arobaini na tano juani, suruali yake ya kitenge, ile ya kwendea msikitini Ijumaa, ikimganda miguuni, mpaka kituo cha kwanza. Alinunua dumu la plastiki, akalijaza petroli ya kawaida. Mzee mmoja wa Kizungu mwenye pikapu alimhurumia akamrudisha hadi garini. Alipomimina mafuta, mengine yalimwagika kwenye nyasi.

Gari halikuwaka.

Injini ilizunguka, ikakohoa, ikazima. Akajaribu tena. Yule mzee wa pikapu aliinama dirishani akamweleza kwa upole kwamba kompyuta ya gari imezoea ethanoli na haijui kuwa imepewa petroli. Inaendelea kumwaga mafuta kwa kipimo cha zamani, na injini inazama. Ingezoea, lakini taratibu. Ngwali alijua. Alikuwa amesoma hayo pia. Walingoja, wakajaribu, wakangoja. Harufu ya petroli ilijaa garini. Nuha alianza kulia, na Hamdiya akampa hamri moja katika yale aliyompikia mama.

Liliwaka saa nane kasorobo. Ikabidi wasimame tena kuongeza mafuta, kwa sababu dumu moja lisingewafikisha. Karibu na Spring walikuta matengenezo ya barabara, njia tatu zimekuwa moja. Simu ya Swafwani ilipigwa mara nne. Mara ya nne alisema, "Dada, wanasema aingie sasa. Ninawabembeleza." Hamdiya alisema, "Wabembeleze."

Walifika saa tisa na dakika ishirini. Hamdiya alikimbia mbele, viatu mkononi, Ngwali nyuma yake amembeba Nuha. Pale penye foleni ya ukaguzi, ambapo asiye na tiketi hapiti, walimkuta Swafwani amesimama peke yake, mikono mitupu.

"Dakika kumi," Swafwani alisema. "Amegeuka nyuma mara mbili, tatu. Kisha mama mmoja wa uwanjani, aliyemkalisha kwenye kiti cha magurudumu, akamsukuma kwenda."

Hamdiya alisogea hadi kwenye kamba, akasimama kwa vidole vya miguu. Kwa mbali, ng'ambo ya mashine, watu walikuwa wakivaa mikanda na viatu. Hapakuwa na buibui lolote.

"Alisema neno?" aliuliza bila kugeuka.

"Alisema nimwambie Baba Nuha asiendeshe mbio kwa ajili yake."

Kisha Swafwani alimgeukia Ngwali. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka tu kujua. "Ilikuwa nini, shemeji?"

Ngwali alifungua mdomo akitaka kusema ukweli. Baadaye aliapa hivyo mara nyingi, na huenda ilikuwa kweli. Lakini kilichotoka ni hiki: "Pampu ya mafuta ya gari. Imekufa ghafla njiani."

Nuha aliinua kichwa kutoka begani kwa baba yake. "But Baba..." alianza. Hamdiya aliweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto, akakirudisha begani taratibu. Alimtazama mumewe mara moja.

Yale mahamri walimwachia Swafwani.

Bi Mwanakombo alifika salama. Alipopiga simu, aliwaombea dua wote, na gari nalo akaliombea. Kila alipopiga tangu hapo aliuliza, "Na ile pampu, mwanangu, mmeitengeneza?" Ngwali akajibu, "Tumetia nyingine, mama, haina neno." Mwezi wa Oktoba kifurushi kilifika kwa posta kutoka Houston. Ndani mlikuwa na pampu ya mafuta iliyosafishwa vizuri, pamoja na karatasi ya Swafwani: hii ni imara, shemeji, uwe nayo kama akiba. Ngwali aliiweka juu ya kabati gereji. Kwa Kamau alisema tu kwamba hakuwa amekwenda Houston, na habari ya mbuzi ikafa. Kwenye pampu ya njano aliacha kwenda.

Siku moja, Hamdiya akiwa kazini, alipiga simu Mombasa peke yake. Alikuwa ameamua kumwambia mkwewe. Bi Mwanakombo alifurahi kusikia sauti yake, akamweleza habari ya mvua, ya jirani aliyemuoza binti yake, ya goti lake. Kisha akauliza, "Na gari yenu ya sima?" Ngwali alicheka naye. Alipokata simu alikuwa hajasema lolote. Alijiambia kwamba kuna wakati mwingine.

Bi Mwanakombo alifariki Februari. Alianguka akitia udhu, na hakuamka tena.

Hamdiya alisafiri siku iliyofuata ingawa alijua atakuta kaburi limeshafunikwa. Swafwani hakuweza kusafiri. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado serikalini, na angetoka asingerudi. Basi Ngwali alimwacha Nuha kwa majirani, akaendesha hadi Houston ili shemeji yake asikae matanga peke yake. Alijaza petroli ya kawaida, akajaza tena Corsicana, akajaza tena Huntsville, mahali ambapo tangi halikuhitaji.

Nyumba ya Swafwani ilikuwa chumba kimoja na sebule, na siku ile ilijaa wanaume wa Mombasa, Lamu na Unguja waliokuja kusoma khitma. Baada ya alasiri waliondoka mmoja mmoja. Wakabaki wawili, wamekaa kwenye mkeka, sahani za halua mbele yao.

"Unajua kinachonituliza, shemeji?" Swafwani alisema. "Ile pampu."

Ngwali alirudisha kipande cha halua sahanini.

"Nilikuwa nimeumia siku ile kwa ajili ya dada. Lakini nikajiambia, chuma kikifa kimekufa, hapana wa kulaumiwa. Mungu alitaka nikae na mama zile saa, mimi na yeye. Dada alipata wiki sita na mama, mimi nilikuwa kazini kila siku. Tumekaa benchini kuanzia saa sita, tumezungumza maneno ambayo hatujawahi kuzungumza. Imeandikwa. Pampu ilikufa ili mimi nikae na mama."

Ngwali aliyasikiliza maneno yale, na badala ya kumpoza yakamchoma. Aliona hawezi kuketi kwenye mkeka wa matanga akishukuriwa kwa uongo wake.

"Swafwani," alisema, "hapakuwa na pampu."

Akamweleza yote. Taa, Huntsville, mguu juu ya breki, mbuzi wa Kamau. Alieleza kila kitu bila kujificha, na alipokuwa akieleza alihisi kifua kikifunguka, kwa mara ya kwanza katika miezi sita.

Swafwani alimsikiliza hadi mwisho. Alichukua sahani moja akaiweka juu ya nyingine.

"Alikataa kuingia mara mbili," alisema. "Mara mbili wamemwita, akawaambia kwa Kiswahili, binti yangu yuko njiani. Hawakuelewa, lakini walimwacha." Akazisukuma zile sahani kando. "Kwa sababu ya mbuzi."

"Nisamehe."

"Nenda, Ngwali. Una safari ndefu."

Kabla ya siku ile hakuwahi kumwita kwa jina lake.

Hamdiya aliporudi, Ngwali alikwenda kumpokea. Mkewe alikuwa amekonda. Walipofika nyumbani alikaa jikoni bila kuvua mtandio.

"Swafwani alinipigia Mombasa," alisema. "Alikuwa akilia. Kwa nini ulimwambia?"

"Nilikuwa siwezi tena. Nilitaka kuutua ule mzigo."

"Na umemtwika nani?"

Ngwali alivuta kiti, akakaa.

"Mimi nilikuwepo garini," Hamdiya alisema. "Nilijua, nikanyamaza. Unafikiri nilinyamaza kwa kukuogopa? Nilinyamaza ili Swafwani na mama wasiwe na kitu juu yako. Nimekusitiri miezi sita. Mama amekufa hana kinyongo nawe. Kaka yangu alikuwa na kitu kimoja tu cha kujipoza, kwamba ilikuwa kazi ya Mungu. Umekwenda kumnyang'anya siku ya tatu ya matanga, ili wewe ulale."

"Ukweli ulikuwa lazima—"

"Ukweli ulikuwa na wakati wake. Mama alikuwa hai miezi sita na simu ipo." Alisimama, akavua mtandio, akaukunja. "Sikukasirikia mafuta, Baba Nuha. Mtu yeyote huishiwa mafuta."

Hawakuachana. Waliendelea kuishi, wakafanya kazi, wakamsomesha Nuha. Hamdiya hakuwa mkali wala hakumtajia tena. Ila safarini alikuwa na tabia mpya: alipoona mshale umefika nusu, alianza kutazama nje ya dirisha la upande wake, na Ngwali alisimama kituo cha kwanza bila kuambiwa.

Septemba, katikati ya Ramadhani, kimbunga kikubwa kilipiga Houston. Swafwani alikaa siku tatu bila umeme wala maji, kisha akampigia dada yake. Alifika Richardson alasiri, na begi moja na friji ndogo ya plastiki iliyojaa samaki ambao barafu yao imeanza kuyeyuka. Ngwali alimpokea mlangoni, akachukua begi. Walisalimiana kama wanavyosalimiana watu msikitini.

Kwa wiki moja walifuturu pamoja. Swafwani alisema tafadhali, na asante, na hebu nipe chumvi. Alimfundisha Nuha kuhesabu kwa Kiswahili hadi mia. Usiku wa tarawehe walikwenda msikitini katika gari lile lile, Swafwani amekaa nyuma na mtoto.

Siku ya nane, baada ya futari, Ngwali alikusanya vyombo akaenda kuviosha. Ilikuwa zamu aliyojipa mwenyewe tangu mgeni afike. Hamdiya na kaka yake walibaki mezani na chai. Kisha Ngwali alimsikia mkewe akiuliza, kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakuwahi kuliuliza kwa mwaka mzima.

"Pale benchini. Mama alisema nini saa zote zile?"

Swafwani alikitua kikombe chake. "Mengi," alisema. "Alianza na ngazi zile zinazojiendesha. Alisema hapandi tena hata kwa fimbo."

Hamdiya alicheka kidogo.

"Halafu akaniambia siku uliyozaliwa wewe. Unaijua hiyo? Mvua ya siku tatu, mtaa mzima maji, na baba amekwenda kumtafuta mkunga huku amejifunika sufuria kichwani..."

Ngwali alikuwa amefunga bomba ili asikie vizuri, sahani imemganda mkononi. Swafwani alishusha sauti. Kiti kilisogezwa karibu na kingine, na Hamdiya akasema, "Endelea." Ngwali alisimama pale kidogo. Kisha akafungua maji tena, akayaacha yatoke kwa nguvu, akaendelea kuosha.